Ramani ya bustani inatoka kama zulia la plastiki: rangi tupake kwenye modeli au Photoshop?

#1 MstariMmoja

Wakuu salaam. Kazi yangu ni kuchora majengo. Bustani huwa naigusa pale tu mteja anaposema "na huku nje mtuwekee kitu kizuri", naweka miduara mitano ya kijani, tunaagana. Safari hii njia hiyo imegoma. Mteja anataka ramani ya rangi ya kiwanja kizima, mtazamo wa juu, ya kutundika kwenye chumba cha mikutano.

Modeli ninayo kwenye SketchUp (programu ya kujenga modeli za 3D) na nimeijenga kwa uangalifu. Kiwanja ni mita 80 kwa 55, nataka kikae kwenye A3 kwa skeli ya 1:200. Nikaweka picha ya nyasi kwenye nyasi, picha ya mbao kwenye baraza, picha ya pevingi kwenye njia, na miti nikaichukua kwenye maktaba ya modeli. Ukitembea ndani ya modeli ni raha tupu. Nikigeuza kamera itazame chini, balaa. Nyasi zimekuwa vigae, pevingi inametameta kama skrini mbovu, rangi zote zinapiga kelele kwa pamoja, na miti imepotea! Kwenye nafasi ya kila mti kumebaki kijistari chembamba. Mwenzangu ofisini kaitazama, kasema ni zulia la plastiki.

Maswali yangu: rangi mnazipaka wapi, ndani ya modeli au mnatoa picha na kupaka Photoshop? Na miti yangu imekwenda wapi?

#2 NyasiBandia

Zulia lenyewe liko wapi? Weka picha tulikanyage kwanza. Na jina langu lisikutie wasiwasi, mimi ni mtu wa mandhari kweli.

#3 MstariMmoja

Nimeweka hapo juu. Kanyageni taratibu.

#4 Kontua_Tano

Mkuu, nimeiona. Modeli yako haina ubaya. Kosa ni kuichukua tekscha (picha inayofunika uso wa kitu) iliyotengenezwa kwa ajili ya jicho la mtu aliyesimama ndani ya bustani na kuitumikisha kwenye karatasi inayotazama kutoka angani.

Tupige hesabu kidogo. Kwa 1:200, mita moja ya ardhi ni milimita 5 za karatasi. Tofali la pevingi la sentimita 20 ni milimita 1. Jani la nyasi lenye upana wa milimita 3 linakuwa milimita 0.015, na hakuna printa itakayolichora hilo. Unachokiona hapo ni mchanga wa pikseli tu. Halafu ile picha yako ya nyasi, kwa macho yangu, ina upana wa kama mita moja. Kiwanja cha 80 kwa 55 kinaibeba mara 4,400, kila moja ikiwa mraba wa milimita 5. Ndiyo vigae vyako hivyo. Na pevingi inametameta kwa sababu mistari yake imekaribiana kiasi kwamba pikseli zinagombana nayo.

Kanuni yangu (yangu, sijaisoma popote): kama kipande cha tekscha hakifiki milimita 2 kwenye karatasi, weka rangi bapa. Vigae vya sentimita 60 kwa 1:200 vinafika milimita 3, hivyo vichore kwa mistari na vitapendeza. Nyasi, changarawe, udongo, mimea tambaazi, vyote rangi bapa. Ukitaka lazima kuonyesha msisimko wa nyasi, tafuta tekscha hafifu sana uinyooshe iwe ya mita 15 au 20, ili irudie mara chache tu.

Jambo jingine. A3 ni milimita 420 kwa 297, yaani kwa 1:200 inameza mita 84 kwa 59.4. Kiwanja chako kinaingia kwa kubanwa kama mguu kwenye kiatu cha mdogo wako. Jina la mradi, alama ya kaskazini na ufunguo wa rangi utaviandika wapi? Nenda A2. Inakupa mita 118.8 kwa 84.

#5 Brashi

Kontua amesema kweli kuhusu tekscha. Kwenye swali la wapi pa kupaka, mimi sitamung'unya maneno: Photoshop. Modeli itoe mistari na vivuli, basi. Rangi ni kazi ya mkono. Ndani ya modeli kila nyasi ni ile ile, kila mti ni ule ule, kivuli ni kijivu kilichokufa. Kwenye Photoshop naweka kivuli kwenye leya (tabaka) yake, modi ya kuzidisha (inayotia giza vilivyo chini yake), nakitia buluu yenye zambarau kwa mbali, na ramani nzima inaanza kupumua. Modeli haina kitu hicho. Ina vitelezi viwili tu vya mwanga na giza, na kivuli hakikubali rangi.

Na kama huna leseni, GIMP na Krita ni za bure na zote zina hiyo modi ya kuzidisha.

#6 Kontua_Tano

Brashi, kivuli cha buluu nakupa, sibishani. Nami nilikuwa wa imani yako. Mwaka fulani nilipaka ramani ya kiwanja cha shule kwa siku nne Photoshop, ikatoka tamu ajabu. Siku ya tano mteja akasogeza maegesho ya magari. Nikapaka upya. Wiki iliyofuata akayarudisha yalipokuwa, ila yakiwa yamepinda. Nikapaka upya. Mara ya tatu alipopiga simu niliitazama simu ikilia mpaka ikanyamaza yenyewe.

Rangi ikikaa kwenye modeli, njia ikisogea nyasi inasogea nayo. Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili inasahaulika: rangi ndani ya modeli ni hesabu. Kwenye SketchUp unabofya uso kwa kitufe cha kulia na kuuliza eneo la materiali hiyo nzima (rangi au picha uliyoupaka uso), inakujibu mita za mraba. Kama umeipa kila aina ya kitanda cha maua materiali yake, ramani yako ya rangi tayari ni orodha ya vipimo. Na inapima uso wenyewe, si kivuli cha uso huo kwenye karatasi. Mteremko wa 1 kwa 2 una eneo kubwa kwa karibu asilimia 12 kuliko linavyoonekana ukitazama kutoka juu. Aliyehesabu miche yake kwenye picha ya Photoshop atapungukiwa, na atamlaumu mwenye kitalu.

#7 Brashi

Hiyo ya asilimia 12 imenichoma, kwa sababu naijua kwa uzoefu. Sitasema zaidi.

#8 HachiNzito

Niingize mguu kwa wanaotumia programu nyingine. Kwenye AutoCAD (programu ya michoro ya kiufundi) unapaka kwa hachi (ujazo wa eneo) ya rangi bapa na kuipa uangavu, yaani vilivyo chini vionekane kupitia kwake. Kisha unachapisha, na uangavu wote unapotea, miti inafunika kila kitu. Wengi wanadhani printa imeharibika. Kwenye dirisha la kuchapisha kuna kisanduku cha kuruhusu uangavu uchapishwe, nacho huwa hakijatiwa alama. Tia alama. Nilipoteza alasiri nzima kwa kisanduku hicho.

Kwenye Revit (programu ya modeli za majengo) ardhi tangu toleo la 2024 ni mango yenye unene, inakatwa na kupakwa kama sakafu, kwa hiyo kuchora njia juu ya mteremko si mateso kama zamani. Rangi nazitawala kwa vichujio vya mtazamo: kila mmea wenye neno fulani kwenye taarifa zake unapata rangi fulani. Nikibadili neno, rangi inafuata. Basi, endeleeni na SketchUp yenu.

#9 MstariMmoja

Shukrani sana wakuu. Nimefuta tekscha zote, nimeweka rangi bapa, na tayari inapumua kidogo. Ila nimezua tatizo jipya: njia na nyasi zinapigana, rangi zinachezacheza kila nikisogeza kamera. Na miti bado hamjaniambia.

#10 Kontua_Tano

Kuchezacheza ni nyuso mbili zilizolala kwenye kimo kimoja, programu haijui ipi iko juu. Ukitazama kutoka angani, kimo ndicho mpangilio wa tabaka. Nyasi iwe sifuri, njia ipande sentimita 2, kitanda cha maua sentimita 5, maji yashuke sentimita 10. Kwenye karatasi hakuna atakayejua, ila ugomvi umekwisha. Kama unaona doa la kijivu-buluu usilolipaka, huo ni mgongo wa uso, umegeuka juu chini. Ugeuze.

Miti sasa. Ile uliyoichukua ni ya karatasi: picha moja bapa iliyosimama, inayozunguka kwenye shina lake ili kila mara ikutazame usoni. Ukiwa juu yake unaiona kwa ubavu, na ubavu wa karatasi ni kistari. Haijapotea. Inakusubiri ushuke chini.

Usikimbilie miti yenye majani halisi. Mti mmoja wa namna hiyo unaweza kuwa na nyuso elfu hamsini. Panda sitini uone kompyuta inavyohema. Kwenye karatasi mwavuli wa mita 6 ni milimita 30 tu, majani yote hayo yanaishia kuwa vumbi.

Tengeneza kuba. Nusu tufe yenye pande 12 hivi, kingo zake zilainishwe zisionekane, kisha uifanye komponenti (kitu kimoja ambacho nakala zake zote hubadilika pamoja). Iinue mita 2 kutoka ardhini. Shina usijisumbue nalo. Kuba lina faida ambayo sahani bapa haina: jua linaangaza upande mmoja na kutia giza upande wa pili, kwa hiyo jicho linasoma ukubwa wake bila msaada. Usilipake rangi ndani. Liache na materiali ya mwanzo, kisha paka komponenti kwa nje. Kwa njia hiyo kuba lile lile moja linakuwa kijani cha mwembe hapa, kijani cha zeituni pale, na ukirekebisha umbo lake mara moja yote sitini yanarekebishika. Zungusha baadhi, kuza mengine, yasifanane kama askari kwenye gwaride.

#11 NyasiBandia

Mimi hutumia sahani angavu badala ya kuba, ili benchi na njia vionekane chini ya mti. Kuba linafunika kila kitu.

#12 Kontua_Tano

Sahani angavu ina mitego miwili. Kwenye SketchUp materiali yenye opasiti (kiwango cha kutoonyesha vya chini yake) chini ya asilimia 70 haitupi kivuli kabisa. Ukipanda juu ya 70 inatupa kivuli kizito kama cha zege. Hakuna kivuli cha nusu. Na uso wowote angavu haupokei kivuli cha jirani, kwa hiyo mti mrefu ukitupa kivuli juu ya mti mfupi, mfupi unabaki unang'aa kana kwamba una jua lake binafsi. Picha ya mti ya PNG iliyokatwa vizuri nayo ina aibu yake: kivuli chake ni cha uso mzima uliobeba picha, mraba mtupu.

Dawa ya kuba kufunika benchi iko LayOut (programu ndugu ya SketchUp ya kupanga karatasi za kuchapisha). Hapa ndipo penye utamu, nivumilieni.

Kwenye modeli gawa vitu kwa tagi (lebo za kuwasha na kuzima kundi la vitu): ardhi, njia, maji, vichaka, miavuli ya miti, majengo. Tengeneza sini mbili (zile kurasa za juu zinazohifadhi mtazamo), zote kamera ikiwa wima juu na makadirio yakiwa sambamba. Lile la sambamba usilisahau, bila hilo hakuna skeli na majengo yataanguka kwa nje kama maua yaliyochanua. Sini ya kwanza: kila kitu kinaonekana, rangi na vivuli vimewashwa, mistari imezimwa. Sini ya pili: mistari tu, nyuso nyeupe, vivuli vimezimwa, na tagi ya miavuli imezimwa.

Peleka sini ya kwanza LayOut, iwekee skeli 1:200. Nakili dirisha hilo, libandike pale pale juu ya la kwanza, kisha libadilishie sini tu. Usiliburute. La chini liache kwenye uchoraji wa rasta (picha ya pikseli, si zile za nywele), kwa sababu vivuli havitoki kwenye vekta (mistari isiyo ya pikseli). La juu lifanye vekta, uzime usuli wake, na nyuso zake zisiwe na rangi ya ndani. Sasa mistari myembamba ya benchi na njia inapita juu ya miti kana kwamba imechorwa kwa kalamu baada ya rangi kukauka. Mti hauhitaji kuwa angavu tena, maana mistari ya vitu vya chini inauvuka. Kama duara la mwavuli unalitaka nalo liwe na ukingo, ongeza dirisha la tatu lenye miavuli pekee.

Onyo moja tu. Ukilifungua dirisha ndani ya LayOut na kuzungusha kamera hata kidogo, linaachana na sini yake na haliifuati tena. Utabadilisha modeli, madirisha mawili yatafuata, la tatu litabaki na mambo ya jana, na mistari itapishana na rangi kwa nusu milimita. Hutagundua mpaka ichapishwe.

#13 MstariMmoja

Nimeisoma post hiyo mara tatu, ya nne nikiwa nimefungua kompyuta. IMEKUBALI. Mistari juu ya miti ni kitu kingine kabisa.

Vivuli vinanisumbua kidogo. Vinaelekea chini ya karatasi na ramani inaonekana kama mashimo. Miti kama imechimbiwa.

#14 MfuataJua

Umeweka mahali pa modeli yako? Faili jipya huwa linadhani lipo Boulder, Colorado, kule programu ilikozaliwa. Weka mahali halisi, weka tarehe na saa, acha jua lifanye kazi yake. Ramani si katuni.

#15 Kontua_Tano

Hapa mimi na MfuataJua tutaachana njia kwa heshima.

Jicho la binadamu lina mazoea ya kudhani mwanga unatoka juu, na kwenye karatasi "juu" ni ukingo wa juu wa karatasi. Kivuli kikianguka upande wa chini kulia, kitu kinaonekana kimeinuka. Wachora ramani za milima wanalijua hili, ndiyo maana programu zao nyingi zinaanza na mwanga wa nyuzi 315, yaani kaskazini-magharibi, ukiwa nyuzi 45 juu ya upeo. Geuza mwanga utoke chini na milima inaanza kuonekana mabonde. Sasa fikiria kiwanja kilicho kaskazini ya mbali: jua la mchana liko kusini, vivuli vinakwenda juu ya karatasi. Ni kweli tupu, na macho ya wengi yataona mashimo.

#16 MfuataJua

Na mteja akiuliza "saa kumi jioni benchi hili litakuwa kivulini?" utamjibu nini? Kwamba kivuli ni cha urembo?

#17 Kontua_Tano

Nitamjibu kwa mchoro mwingine. Mchoro wa kuthibitisha kivuli unabeba tarehe na saa vikiwa vimeandikwa, Juni 21 na Desemba 21 kwa kawaida, na hapo kuongopa ni dhambi. Ramani ya rangi ya ukutani haithibitishi kitu, kazi yake ni kusomeka. Ila nakubali sharti lako moja: kama mwelekeo si wa kweli, usiandike saa.

Mwenye uzi, wewe MstariMmoja vivuli vyako vinaelekea chini moja kwa moja, na ukisema mashimo nadhani tatizo ni urefu wake zaidi ya mwelekeo. Jua likiwa nyuzi 45 kivuli kinalingana na kimo. Mti wa mita 8 unatupa mita 8, milimita 40 kwenye karatasi, kikubwa kuliko mwavuli wenyewe wa milimita 30! Panda hadi nyuzi 60, kivuli kinashuka hadi mita 4.6, milimita 23. Na ukikipeleka kulia kidogo badala ya chini wima, kitajitokeza ubavuni mwa mti.

#18 MfuataJua

Sharti langu limekubaliwa, nakaa.

#19 RangiBaridi

Jamani mmeongea jua, LayOut, kuba, na bado ile ramani ina kijani cha jezi. Mwenye uzi, dada yenu ninayepaka hizi ramani kila wiki naomba nafasi.

Kitu kinachochukua eneo kubwa ndicho kinyamaze zaidi. Nyasi zako ni zaidi ya nusu ya karatasi, kwa hiyo nyasi ndizo zipauke. Watu wanafanya kinyume: wanawaza "nyasi ni kijani" wanachukua kijani cha nyasi, kisha miti haina pa kwenda ila kwenye kijani cheusi. Mimi huanza hivi, kwa RGB (nyekundu, kijani, buluu, kila moja 0 hadi 255): nyasi 205, 215, 170. Vichaka 150, 170, 120. Miavuli ya miti 105, 135, 95. Njia 240, 232, 215. Maji 175, 205, 215. Zitazame peke yake utasema zimefifia. Ziweke pamoja na kivuli kimewashwa, zinakaa. Kumbuka kivuli ndicho rangi nyeusi kuliko zote kwenye ramani, kiachie nafasi.

Maji yaangalie kwa jicho kali. Buluu ni moja tu kwenye karatasi ya kijani, hata dimbwi la mita mbili litavuta macho yote. Kama bwawa ndilo moyo wa mradi, sawa. Kama ni mfereji wa maji ya mvua pembeni, lipake kijivu chenye dalili ya buluu.

Kisha geuza ramani nzima iwe nyeusi na nyeupe kwa dakika moja. Njia ikipotea ndani ya nyasi, rangi zako zinatofautiana kwa jina tu, uzito ni mmoja. Kipimo hiki kinakuokoa pia mbele ya wasiotofautisha nyekundu na kijani. Kwa watu wenye asili ya Ulaya kaskazini ni kama mwanamume mmoja kati ya 12, kwa hiyo kwenye mkutano wowote mkubwa yumo. Miti ya kubaki kwa kijani na ya kukatwa kwa nyekundu ni kosa la kila siku. Ya kukatwa ipe duara la vistari na alama ya mkato.

Rangi bapa si umaskini. Roberto Burle Marx, Mbrazili, mwaka 1938 alichora bustani ya juu ya paa la Wizara ya Elimu na Afya pale Rio de Janeiro kwa rangi bapa za guashi (rangi nzito ya maji), madoa yanayojipinda kama amiba, bila jani hata moja. Miaka imepita na watu bado wanautundika mchoro ule ukutani.

#20 Brashi

Dada umenena. Hapo kwenye nyeusi na nyeupe wengi tunafeli.

Na mimi nirudi na suluhu, maana sikupenda kushindwa. Toa picha ya kila sini kwa pikseli zile zile: moja rangi bila kivuli, moja kivuli juu ya nyeupe, moja mistari. Zibandike Photoshop kama faili zilizounganishwa, si zilizomezwa. Kivuli kwenye kuzidisha, tia buluu yako. Mteja akisogeza maegesho, toa picha tatu upya kwa majina yale yale na Photoshop inazichukua. Rangi inabaki kwenye modeli, hewa inabaki kwangu. Nimejaribu jana usiku, dakika kumi.

#21 Kontua_Tano

Hiyo naichukua. Na ile sini yako ya rangi bila kivuli, washa jua litumike kwenye uangazaji, vuta kitelezi cha mwanga hadi 0 na cha giza hadi 80. Utapata rangi uliyoandika bila jua kuichakachua.

#22 HachiNzito

Kabla ya kuchapisha: kijani kinachong'aa kwenye skrini hakipo kwenye wino. Skrini ni mwanga, printa ni wino, na vijani vikali ndivyo vinavyofubaa kwanza. Zile za dada RangiBaridi zitasalimika kwa sababu tayari zimetulia. Hata hivyo chapisha kipande kidogo chenye rangi zote kwenye karatasi ile ile utakayotumia, utazame mchana, karibu na dirisha.

A2 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 7016 kwa 4961. Kwa ukutani, 150 inatosha kwa rangi na vivuli, ilimradi mistari na maandishi yawe vekta. Kama LayOut inasinzia, punguza ubora wakati wa kazi, upandishe siku ya kutoa PDF.

#23 MstariMmoja

Nimerudi baada ya siku nne. A2, 1:200, makuba 57, vivuli vya nyuzi 60 kuelekea chini kulia, rangi za dada isipokuwa njia niliyoitia ukahawia kidogo. Yule mwenzangu wa zulia kaitazama kimya, kisha kauliza nimemlipa nani. Mteja naye aliweka kidole juu yake na kutembeza, "tunaingilia hapa, tunapita hapa". Ile ya kwanza hakuna aliyeigusa.

Limebaki moja tu. Ufunguo wa rangi nimeuchora LayOut kwa visanduku, nikaandika RGB zile zile za kwenye modeli. Haufanani! Nyasi ya kwenye ufunguo ni nyepesi kuliko ya kwenye ramani, na njia ndiyo imeachana kabisa. Mteja aliuliza kama kuna aina mbili za nyasi.

#24 Kontua_Tano

Jua hilo. Vivuli vikiwashwa, SketchUp inaangaza kila uso na namba uliyoandika siyo inayotoka. Ufunguo wako uko nje ya jua, ramani iko ndani yake.

Usichore visanduku LayOut. Vichore kwenye modeli yenyewe, pembeni ya kiwanja: miraba ya mita 2 kwa 3, imelala bapa, mbali na kivuli chochote, kwenye tagi yake, na uipake materiali zile zile. Itapigwa na jua lile lile na kutoka kwenye dirisha lile lile. Maandishi tu ndiyo yaandikwe LayOut. Na ukibadilisha rangi ya nyasi, ufunguo nao unabadilika. Kwa ajili ya mti weka kuba moja dogo badala ya mraba.

#25 MstariMmoja

Zimelingana zote, hata kuba.

Wakuu naombeni radhi natoka hapa mara moja, mteja kapiga simu. Anataka bwawa lisogee mita sita.

#26 Brashi

😂😂 Pokea simu.